Fundi akipiga simu kwamba hela haitoshi: fanya haya kabla hujatuma hata mia

Kama umewahi kujenga unaijua hiyo simu. Uko kazini au uko kwenye daladala, fundi anakwambia bosi tumekwama hapa saiti, simenti imeisha na nondo hazijatosha, tuma milioni na nusu tuendelee maana vijana wamekaa tu. Na wewe hutaki kazi isimame kwa hiyo unatuma, jioni ndo unaanza kujiuliza hivi ile BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama zake, si ilisema mifuko 90, imekuwaje.

Mimi nilituma hivo mara tatu kwenye msingi wa nyumba yangu huko Goba, Dar es Salaam. Mara ya nne nikagoma, nikaenda saiti na daftari na tepu, nikakaa na fundi juu ya tofali tukahesabu kila kitu. Tukakuta ile nyongeza ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa kwa sababu kiwanja kimeinama kuliko tulivyodhani, ya pili ilikuwa bei ya simenti imepanda kweli, ila ya tatu ilikuwa hesabu mbovu tangu mwanzo, kozi, yaani mistari ya tofali, za upande mmoja hazikuhesabiwa kabisa kwenye makadirio. Na zote nilizilipa sawasawa kama vile ni kitu kimoja, ndo maana naandika hii, iliniuma na sitaki imuume mtu mwingine anayejenga kwa mshahara au kwa mkopo wa sakosi.

Hatua ya kwanza: uliza ni nini hasa kimeongezeka

Usijibu ndiyo wala hapana kwenye simu. Uliza swali moja tu, kilichoongezeka ni bei, ni kazi, au ni hesabu? Mfundishe fundi wako hilo swali tangu siku ya kwanza, akishazoea atakuwa anakupigia jibu akiwa nalo tayari.

Bei maana yake kitu ni kilekile na idadi ni ileile ila dukani kimepanda. Kazi maana yake kuna kitu kinafanyika ambacho hakikuwepo kwenye ramani wala kwenye makubaliano, iwe ardhi imelazimisha au wewe mwenyewe umebadilisha mawazo. Hesabu maana yake kazi ni ileile, bei ni zilezile, ila aliyekadiria alikosea au vifaa vimepotea njiani. Hayo matatu kila moja lina mlipaji wake, ukiyachanganya wewe mwenye nyumba ndo utalipa yote.

Hatua ya pili: soma mkataba wako ni wa aina gani

Wengi wetu tuna mkataba wa ufundi tu, yaani vifaa unanunua wewe, fundi analeta mikono na vijana wake. Hapo bei ikipanda ni ya kwako, hamna mjadala, fundi hahusiki na bei ya simenti. Anachohusika nacho ni idadi.

Mkataba wa pili ni ule wa kumpa mtu kila kitu, vifaa na ufundi, kwa bei moja mpaka akukabidhi funguo au mpaka hatua fulani, tuseme mpaka kupaua. Hapa kama mkataba umesema bei ni hii na haujasema popote kwamba itabadilika bei za vifaa zikibadilika, basi kupanda kwa bei ni hasara ya mkandarasi, ndo maana aliweka faida yake humo ndani. Anaweza kuja kuomba, na nitasema chini kwa nini wakati mwingine ni busara kumsikiliza, ila ajue anaomba, hadai.

Na kama huna mkataba wa maandishi? Andikeni leo, hata kama mko kwenye lenta, ile zege ya juu ya milango na madirisha. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba kwa sheria yetu ya Tanzania ila siku ya kugombana kila mtu anakumbuka chake. Karatasi moja inatosha, majina, kiwanja kiko wapi, kazi iliyobaki ni ipi, bei, malipo kwa hatua, saini za nyie wawili na shahidi mmoja kila upande.

Hatua ya tatu: nenda ukapime mwenyewe

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na ndo yenye hela. Hauhitaji kuwa injinia, unahitaji tepu na simu yenye kikokotozi.

Chukua jamvi, yaani zege la sakafu ya chini. Nyumba ya mita 12 kwa 10, jamvi la unene wa sentimita 10, unazidisha 12 mara 10 mara 0.1 unapata kyubiki, yaani mita za ujazo, 12 za zege. Zege la kawaida la moja kwa mbili kwa nne, yaani simenti, mchanga na kokoto, linakula kama mifuko 6 na nusu ya simenti kwa kyubiki moja, kwa hiyo unaongelea mifuko 78, ongeza ya kupotea fanya 82. Fundi akikwambia 90 msikilize, labda ardhi haikusawazishwa vizuri na zege limeingia mashimoni. Akikwambia 120 kuna kitu, na unamuuliza kwa upole tu, fundi nionyeshe hizi 40 zinaenda wapi.

Tofali nazo ni hivohivo. Hizi zetu za inchi 9 kwa 18, ukizijenga kwa kuzisimamisha, unapata kama 9 kwenye mita moja ya mraba, weka 10 ili uhesabu na zinazovunjika. Pima urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha, zidisha kwa 10. Ni kazi ya nusu saa.

Sasa kwenye msingi ndo kuna mtego mkubwa, hasa huku Goba na Mbezi na Kimara kwenye vilima, na hapa nitakaa kidogo maana ndo palinitafuna. Ukisimama kwenye kiwanja kilichoinama unaona kama kinashuka kidogo tu. Kumbe ukipima kwa mpira wa maji, ule wa plastiki unaojazwa maji kuangalia usawa, kutoka nyuma mpaka mbele kinashuka mita moja na nusu. Kozi moja ya tofali pamoja na udongo wake ni kama sentimita 25, kwa hiyo upande wa chini unahitaji kozi 6 za ziada. Hizo kozi fundi atakuhesabia. Asichokuhesabia mtu ni kifusi, ule udongo wa kujazia ndani ya msingi. Ukishanyanyua huo msingi ndani yake kuna shimo, nyuma sifuri, mbele mita moja na nusu, wastani sentimita 75, kwa nyumba ya 12 kwa 10 hizo ni kyubiki 90. Kama lori linabeba kyubiki 7 ni tripu 13, na hapo hujashindilia, ukishindilia inashuka unaongeza tena. Mimi kifusi hakikuwepo kabisa kwenye bajeti, hata mstari mmoja. Kwa hiyo kama bado hujaanza kujenga na kiwanja chako kimeinama, acha kusoma nenda kapime mwinamo kwanza afu urudi.

Ukimaliza kupima unakuwa na namba mbili, ya fundi na ya kwako. Tofauti ikiwa ndogo achana nayo. Ikiwa kubwa na hamuelewani, mtafute mkadiriaji majenzi au injinia aje apime siku moja, utamlipa ila ni hela ndogo ukilinganisha na unachoombwa.

Hatua ya nne: kama ni bei, taka ushahidi wa bei mbili

Bei mbili maana yake bei ya siku mliyosaini na bei ya leo. Ndo maana nasisitiza mkataba uwe na karatasi ya bei za siku ile, vitu 6 au 7 tu vikubwa, simenti, nondo, mchanga, kokoto, tofali, mbao, bati. Kama hamkuandika, tafuta risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za manunuzi ya mwanzo, tarehe iko pale. Bei ya leo usichukue ya duka analolitaka fundi, piga simu maduka matatu.

Maana bei zinapanda kweli, tusiwaonee watu. Mwishoni mwa 2020 simenti iliruka ghafla mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Julai 2023 ukaja ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani buku moja kwenye mfuko wa kilo 50. Sasa hapo ona umuhimu wa kujua namba, mtu akikwambia simenti imepanda buku nne sababu ya ushuru wa serikali, wewe unajua ushuru ni buku moja, hizo tatu aeleze zimetoka wapi, labda ni usafiri labda ni duka lake.

Kwa mkataba wa kila kitu, haya ndo maoni yangu na najua wengine watapinga. Bei ikipanda kidogo, mwachie mkandarasi abebe kama mlivyokubaliana. Bei ikipanda sana, gawaneni, hata kama kwenye karatasi hudaiwi. Sababu ni kwamba mkandarasi aliyebanwa mpaka hana faida hatakuja kukwambia ameshindwa, atapunguza simenti kwenye zege usiku au ataleta nondo nyembamba, na hiyo nyumba utalala wewe na watoto wako. Njia nzuri ni kuandika tangu mwanzo kwamba ongezeko la mpaka asilimia 5 ya bei ya kifaa ni lake, likizidi hapo kile kilichozidi mnagawana nusu kwa nusu, na bei ikishuka wewe nawe unarudishiwa kwa mtindo huohuo. Hilo la kushuka watu huwa wanalisahau. Wenye miradi mikubwa wana kanuni zao za mabadiliko ya bei, Baraza la Taifa la Ujenzi huwa linatoa viwango vya bei kwa ajili hiyo, ila kwa nyumba ya vyumba vitatu hiyo asilimia 5 inatosha.

Na ukishagawana naye kagua. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kama kilo 10 na nusu hivi, ya mm 16 kama kilo 19. Chukua mizani, pima nondo moja moja tatu nne. Ukikuta ya mm 12 ina kilo 8 hiyo imepunjwa kiwandani au dukani, irudi.

Hatua ya tano: kama ni kazi, jiulize nani kaileta

Kazi iliyoletwa na ardhi, kama mwinamo, au umechimba ukakuta udongo mfinyanzi unaovimba au maji, kwa kawaida ni ya mwenye nyumba, maana ardhi ni yako. Ila kama uliyempa kazi alikuja kukagua kiwanja na akakadiria baada ya kukiona kwa macho, mwinamo ulikuwa unaonekana, hilo analijibu yeye angalau sehemu.

Kazi uliyoileta wewe lipa bila kelele. Na hapa tuseme ukweli, nyongeza nyingi tunazolaumu mafundi ni za kwetu wenyewe. Shemeji kaja Jumapili kasema sebule ndogo, ukuta unasogezwa. Umeona nyumba ya jirani ina paa la kuficha na wewe unataka, bila kujua paa la kuficha linataka kuta za kupandisha juu, mkanda mwingine, mifereji na mtu anayejua kuzuia maji. Chumba kimoja kigeuke kuwa self, yaani chenye choo na bafu ndani, hapo umeongeza bomba, tiles, shimo la choo kubwa zaidi. Kila mabadiliko, kabla hata tofali moja halijavunjwa, mwambie fundi aandike mambo mawili, inaongeza shilingi ngapi na inaongeza siku ngapi. Ukishaiona namba utashangaa mabadiliko mangapi yanaweza kusubiri.

Kazi aliyoileta fundi, yaani kajenga ukuta umepinda unavunjwa, au kakosea kipimo cha dirisha, hiyo ni ya kwake, ufundi na vifaa vilivyoharibika. Mwambie siku hiyohiyo usisubiri.

Hatua ya sita: kama ni hesabu

Mkataba wa ufundi, kama fundi ndo alikupa idadi ya vifaa na akakosea, vifaa bado utanunua wewe maana nyumba inavihitaji na ungevinunua tu hata angehesabu vizuri. Ila ufundi hauongezeki, maana kazi ni ileile mliyokubaliana. Hapo ndo watu wanapigwa, fundi anasema tofali zimezidi 800 kwa hiyo na hela ya kujenga iongezeke, wakati bei ilikuwa ya boma zima, yaani kuta zote, sio ya tofali. Mkataba wa kila kitu, hesabu mbovu ni ya mkandarasi yote.

Na kama ni vifaa vimepotea, hilo ni suala la stoo. Daftari moja la kuingia na kutoka, picha ya kila lori linalomwaga, na mifuko mitupu ya simenti isitupwe, unaihesabu kila Jumamosi. Mifuko mitupu 78 na jamvi la mifuko 78, usingizi unakuja wenyewe. Nyie mnaojenga mkiwa Muscat au Marekani na msimamizi ni kaka au binamu, hili ndo la kwenu zaidi, na mtumie mtu wa pili asiyemjua fundi awe anapita kupiga picha.

Hatua ya saba: andikeni kabla kazi haijafanyika

Mkishakubaliana, iwe nyongeza ya laki moja au ya milioni kumi, iandikwe. Maneno yasiwe magumu, mimi natumia haya:

"Leo tarehe fulani, mimi mwenye nyumba na fundi fulani tumekubaliana kuongeza kozi 4 za msingi upande wa mbele kwa sababu kiwanja kimeinama. Tofali zinazoongezeka ni 160. Ufundi unaongezeka shilingi kadhaa. Siku zinazoongezeka ni 5. Hela italipwa kozi zikishakamilika na kukaguliwa. Mambo mengine yote ya mkataba wetu yanabaki kama yalivyo."

Saini mbili, picha, tuma kwenye watsapu ili kila mtu abaki nayo. Kama uko mbali basi hata meseji tu, unaandika yote hayo, fundi anajibu "nimekubali", inatosha kuanzia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji kutumika kama ushahidi, kwa hiyo usifute na usibadilishe simu bila kuhifadhi. Ukikubaliana kwa kupiga simu, ukikata tu andika meseji, "fundi kama tulivyoongea sasa hivi, nyongeza ni hii na sababu ni hii".

Hatua ya nane: namna ya kutoa hela

Nyongeza lipa kama mkataba, kwa hatua, baada ya kazi kuonekana. Najua fundi naye ana shida, saidia fundi wanataka hela ya siku, wana familia, ukimnyima kabisa anaondoka anaenda saiti nyingine. Mpe ya kula ya wiki hiyo, ila ile kubwa isubiri. Mimi niliwahi kutoa ufundi wote wa kupaua mbao zikiwa bado ziko chini, yule mtu alikuja siku mbili akapotea mwezi mzima, na simu ikawa haipokelewi, nilikonda.

Ukilipa vifaa lipa dukani moja kwa moja, namba ya duka sio ya fundi, risiti ya EFD ije kwa jina lako.

Hatua ya tisa: mkishindwana

Simamisha kazi kwa maandishi, usimfukuze mtu kwa matusi. Siku hiyohiyo pigeni picha kila kona, pimeni kazi iliyofika, na kuwe na mtu wa tatu, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa anafaa. Kama kazi iliyofanyika ni ya milioni 4 na umeshalipa 3, unadaiwa moja, mlipe hata kama umemkasirikia, maana ukienda kwenye sheria na wewe unadaiwa hoja yako inalegea. Kama umelipa zaidi ya kazi, mwandikie barua ya kudai na umpe siku 14. Mkandarasi aliyesajiliwa unaweza kumshtaki kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, wengi hilo wanaliogopa kuliko mahakama. Ikibidi, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na huo uvunjaji, ila na wewe unatakiwa uwe umejitahidi kuipunguza, sio unaacha bati linalovuja mwaka mzima afu unadai na dari.

Hatua ya kumi: nyongeza ni ya haki ila hela huna

Hii inatokea sana na haina aibu yoyote. Kata vinavyoweza kusubiri, gypsum, tiles, rangi, milango ya ndani, fensi. Usikate msingi, nondo, mkanda, lenta, mbao za kenchi za paa. Nondo ya mm 12 kuwekwa mahali pa mm 16 ili uokoe laki mbili, huwezi kuirudisha tena ukishamwaga zege.

Kama inabidi usimame kabisa, simama mahali pazuri, baada ya jamvi au baada ya lenta, usisimame katikati ya kozi. Nondo zilizochomoza juu zipake uji wa simenti zisile kutu, kuta za juu zifunike na nailoni masika yasiingie ndani ya tofali, mbao ziinue kwenye tofali na uzipake dawa ya mchwa. Hesabu simenti iliyobaki na jirani au ndugu anayejenga sasa hivi muuzie, maana ikikaa stoo zaidi ya miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu hata kama mfuko haujafunguliwa. Hiyo hela weka pembeni ya kununulia mpya siku mkianza tena.